Kusawazisha Rangi za Skrini Mbili kwenye Kadi Moja ya Michoro

Kadi ya michoro inayoendesha skrini mbili hupeleka namba kwa kila skrini, wala haipeleki rangi. Kila pikseli huelezwa kwa namba tatu, moja ya nyekundu, moja ya kijani na moja ya buluu, kila namba ikianzia 0 hadi kufikia 255, na skrini yenyewe ndiyo inayoamua namba hizo zitoke kwenye kioo zikiwa nuru ya namna gani. Kupeleka namba 200 ya kijani ni sawa na kuagiza kibaba kimoja cha mchele kwa wauzaji wawili ambao kila mmoja ana chombo chake: agizo ni lile lile, lakini kinachomfikia mnunuzi hutegemea chombo. Ndiyo maana shati jeupe katika picha moja huweza kuonekana la kimanjano upande wa kushoto wa meza na la kibuluu upande wa kulia, ingawa waya zote mbili zinatoka kwenye kadi moja, na ndiyo maana kununua kadi mpya hakuondoi tofauti hiyo.

Tofauti hizo zina vyanzo kadhaa vinavyofanya kazi kwa pamoja. Taa ya nyuma, yaani nuru inayowaka nyuma ya kioo cha skrini ya LCD, ina mchanganyiko wake wa mawimbi kulingana na teknolojia iliyotumika, iwe mirija ya floresenti ya miaka ya nyuma au LED za sasa. Vichujio vya rangi vilivyo mbele ya taa hiyo havifanani kati ya kiwanda na kiwanda. Taa hufifia na kubadilika rangi kadiri saa za matumizi zinavyoongezeka. Na mtengenezaji, akijua kwamba skrini yenye mng'ao mkali na weupe wa kibuluu huvuta macho dukani, mara nyingi huiuza ikiwa imewekwa hivyo. Hata skrini mbili za aina moja zilizonunuliwa siku moja hutofautiana kidogo. Kosa linalofanywa na wengi ni kuchukua skrini inayopendeza zaidi na kujaribu kuifanya ile nyingine iifuate kwa macho, kitufe baada ya kitufe, mpaka macho yachoke. Njia inayofaulu ni kuzipeleka skrini zote mbili kwenye lengo la tatu, lililoelezwa kwa vipimo, na lengo hilo lichaguliwe kwa kuangalia uwezo wa ile skrini iliyo dhaifu.

Mahali patatu pa kurekebisha

Rangi inaweza kurekebishwa katika sehemu tatu za safari yake, na anayezichanganya sehemu hizo hujikuta akirekebisha kosa moja mara mbili. Sehemu ya kwanza ni skrini yenyewe, kupitia menyu yake ya ndani yenye mwangaza, kontrasti na nguvu ya kila moja ya rangi tatu. Sehemu ya pili ni jedwali lililo ndani ya kadi ya michoro: kwa kila chaneli ya rangi jedwali hili lina nafasi 256, na kila namba inayopita hubadilishwa na namba iliyoandikwa katika nafasi yake kabla ya kutoka kwenye kebo, hivi kwamba ikiwa skrini huzidisha buluu katika rangi za katikati, jedwali hupunguza namba za buluu za eneo hilo peke yake. Jedwali hugusa kila kinachoonekana, kuanzia menyu na picha ya mandhari hadi video, bila programu yoyote kuombwa ruhusa.

Sehemu ya tatu ni profaili, ambayo ni faili linaloeleza tabia ya skrini baada ya kurekebishwa: nyekundu yake ni nyekundu gani hasa, weupe wake uko wapi, na nuru yake hupanda kwa mwendo gani kutoka nyeusi hadi nyeupe. Muundo wa faili hilo huratibiwa na muungano wa kampuni unaojulikana kama ICC, ulioundwa mwaka 1993. Profaili haibadilishi chochote kwenye kioo. Huisaidia tu programu inayojua kuisoma kutafsiri rangi za picha kuwa namba zinazoifaa skrini hiyo. Kutofautisha kazi hizi mbili ni jambo la msingi, kwa sababu kusawazisha ni kuiweka skrini katika hali inayotakiwa, ilhali kutengeneza profaili ni kuandika taarifa ya hali iliyofikiwa. Utata hutokea kwa kuwa faili moja hubeba vyote viwili: programu nyingi za kusawazisha huhifadhi thamani za jedwali la kadi ndani ya profaili, katika sehemu ya ziada iliyobuniwa na Apple, na lazima kuwe na programu nyingine ndogo inayozisoma thamani hizo kila kompyuta inapowashwa na kuzipakia kwenye kadi. Mtu anaweza kuwa na profaili sahihi kabisa na bado skrini ikabaki na rangi mbaya, kwa sababu tu jedwali halikupakiwa.

Jedwali moja au mawili

Skrini mbili zikitumia kadi moja, swali la kwanza ni kama kadi hiyo inatoa jedwali kwa kila tundu la kutolea picha au inatumia jedwali moja kwa matundu yote. Katika enzi ya Windows XP, iliyotoka mwaka 2001, kadi nyingi zenye matundu mawili zilikuwa na jedwali moja, au zilikuwa na mawili huku programu endeshi yake ikifungua njia ya kulifikia moja tu, na matokeo yake yalikuwa kwamba kusawazisha skrini ya pili kulivuruga ya kwanza. Kadi za miaka ya karibuni zina jedwali kwa kila tundu, na tangu Windows Vista ya mwaka 2007 mfumo wa Microsoft umeweza kuipa kila skrini profaili yake. MacOS na mazingira makubwa ya Linux hufanya vivyo hivyo. Hata hivyo kompyuta kuukuu bado zinafanya kazi katika ofisi na studio nyingi, na jaribio lenyewe ni jepesi mno kuachwa.

Jaribio hufanywa kwa kufungua paneli ya programu endeshi ya kadi, kuchagua skrini ya kwanza peke yake, na kupunguza buluu mpaka skrini hiyo iwe ya manjano dhahiri. Ikiwa ya pili haikubadilika, majedwali ni mawili. Ikiwa zote zimegeuka manjano, jedwali ni moja, na hapo mtumiaji hana budi kuchagua: jedwali lipewe skrini ambayo rangi zitaamuliwa juu yake, na ya pili irekebishwe kwa vitufe vyake tu, kisha itengenezewe profaili huku jedwali la ya kwanza likiwa limekwisha kupakiwa. Baada ya jaribio paneli irudishwe kwenye hali yake ya kiwandani na iachwe hapo, kwa sababu marekebisho yaliyosahaulika ndani ya paneli ya kadi huja kupigana na yale ya programu ya kusawazisha.

Jaribio hilo, pamoja na kazi yote inayofuata, lifanywe dawati likiwa limepanuliwa, yaani kila skrini ikionyesha sehemu yake, badala ya zote mbili kurudia picha moja. Zinaporudia, mfumo endeshi huelekea kuzihesabu kama onyesho moja, na kuipa kila skrini marekebisho yake huwa vigumu. Kwa upande wa kompyuta mpakato inafaa kuhakikisha kwamba kweli kadi ni moja, kwani nyingi zina vichakataji viwili vya michoro, kimoja kikihudumia kioo cha ndani na kingine kikihudumia tundu la nje, na paneli zake za mipangilio huwa mbili.

Maandalizi

Skrini zote mbili ziwashwe na ziachwe zikionyesha picha ya kawaida kwa muda usiopungua dakika 30, kwa kuwa taa ya nyuma hubadilisha mwangaza na rangi inapopata joto. Vizimwe vitu vyote vinavyobadilisha rangi kwa hiari yake: nuru ya usiku inayoongeza manjano jioni, mwangaza unaojirekebisha kwa kufuata chumba, kontrasti inayobadilika kwa kufuata picha, hali ya kuokoa umeme, hali ya HDR, na kile kinachoitwa uboreshaji wa rangi katika paneli ya kadi. Kimoja tu kati ya hivi kikibaki, vipimo vitakavyochukuliwa saa nne asubuhi havitakuwa na maana saa kumi na mbili jioni.

Kebo nazo zinahitaji kuangaliwa, hasa pale skrini moja inapotumia HDMI na nyingine DisplayPort. Baadhi ya programu endeshi huichukulia skrini ya HDMI kama televisheni na kuipelekea namba kati ya 16 na 235 badala ya 0 hadi 255. Skrini inayotarajia masafa kamili hupokea nyeusi iliyogeuka kijivu na nyeupe isiyofika kileleni, na mtumiaji asiyejua chanzo hutumia saa nzima akihangaika na kontrasti. Katika paneli ya kadi masafa yawekwe kuwa kamili na mtindo wa rangi uwe RGB kwa matundu yote mawili, kisha ionyeshwe picha yenye miraba ya kijivu kizito iliyo karibu na nyeusi, ihakikishwe kuwa inatofautika.

Chumba ni sehemu ya kipimo. Dirisha lisiangaliane na kioo, taa ya juu isibadilike katikati ya kazi, na ukuta wa nyuma ya skrini usiwe wa rangi kali. Katika miji ya pwani ambako jua la mchana huingia kwa nguvu, pazia zito lina msaada mkubwa kuliko kupandisha mwangaza wa skrini, kwa sababu mwangaza uliopandishwa ili kushindana na jua hauwezi kubaki sahihi jua likishatua. Skrini ziwekwe bega kwa bega, kila moja ikielekezwa kwa mtazamaji; hili lina uzito zaidi kwa skrini za TN, ambazo rangi yake hubadilika kichwa kinapopanda au kushuka, kuliko kwa zile za IPS.

Kuchagua lengo

Lengo la kusawazisha lina sehemu tatu: weupe, mwangaza na mwendo wa nuru. Kwa kazi nyingi weupe unaofaa ni ule uitwao D65, ambao ni makadirio ya nuru ya mchana yenye joto la rangi la takriban kelvini 6500, na ambao katika mchoro wa rangi wa Tume ya Kimataifa ya Uangazaji, CIE, hukaa kwenye x 0.3127 na y 0.3290. Mwendo wa nuru huitwa gama, nao huonyesha jinsi mwangaza unavyopanda namba zinapopanda; thamani ya 2.2 inakaribiana na ile ya sRGB, nafasi ya rangi iliyopendekezwa na HP na Microsoft mwaka 1996 na kufanywa kiwango cha kimataifa mwaka 1999, ambayo hadi leo ndiyo lugha ya kawaida ya picha za intaneti.

Mwangaza ndio unaoamuliwa na skrini dhaifu. Kiwango cha sRGB kilitaja kandela 80 kwa mita ya mraba, kikifikiria skrini za mirija za wakati huo. Siku hizi watu wengi hulenga 120 katika chumba chenye nuru ya wastani. Lakini ikiwa skrini moja imezeeka na kilele chake ni 100, basi lengo la zote mbili liwe 90 au 95, ili hata ile kuukuu ibakiwe na akiba ya kupandishwa taa yake inapozidi kufifia. Kuilazimisha skrini mpya iteremke namna hii huwaudhi wengi, ila hakuna njia nyingine ya haki: skrini yenye nguvu inaweza kushuka, dhaifu haiwezi kupanda.

Weusi hauwezi kulinganishwa kwa namna hiyo hiyo. Skrini ya IPS yenye uwiano wa kontrasti wa 1000 kwa 1, ikiwekwa kwenye kandela 120, itakuwa na nyeusi ya 0.12, ilhali ya VA yenye uwiano wa 3000 kwa 1 itashuka hadi 0.04. Zipo programu zinazokubali kuinua weusi wa skrini bora ili ufanane na wa mwenzake, lakini kufanya hivyo ni kutupa maelezo ya vivuli ambayo mtumiaji ameyalipia, na ni afadhali tofauti hiyo ikaachwa na ikajulikana.

Upana wa wigo, yaani jumla ya rangi ambazo skrini inaweza kuzitoa, nao huhitaji uamuzi wa mapema. Skrini yenye wigo mpana, unaokaribia Adobe RGB au P3, ikikaa pembeni ya skrini ya kawaida ya sRGB, itaonyesha nyekundu na kijani kali zaidi katika kila programu isiyosoma profaili. Ikiwa kazi nyingi huishia kwenye simu na intaneti, menyu ya skrini hiyo iwekwe kwenye hali ya sRGB na usawazishaji ufanyike humo, mradi hali hiyo inaruhusu mwangaza kubadilishwa. Ikiwa kazi ni ya kuchapa, wigo mpana una faida yake, na ulinganifu utafutwe ndani ya programu zinazosoma profaili peke yake.

Kupima

Jicho ni chombo kizuri cha kulinganisha rangi mbili zilizokaa pamoja, lakini ni kibaya cha kukumbuka rangi, kwani baada ya dakika chache huizoea nuru yoyote ya kimanjano au ya kibuluu na kuihesabu kuwa nyeupe. Kwa hiyo zana za kusawazisha kwa macho, kama ile iliyomo ndani ya Windows tangu toleo la 7, husaidia kuondoa makosa makubwa tu. Kazi ya kweli huhitaji kifaa kinachowekwa juu ya kioo. Kipimarangi husoma nuru kupitia vichujio vichache vilivyotengenezwa kuiga uoni wa binadamu. Kina kasi na husoma vizuri sehemu za giza, lakini vichujio vyake hukosea kidogo kutegemea aina ya taa ya nyuma, ndiyo sababu programu huuliza aina ya skrini na kupakia marekebisho yanayoifaa. Spektrofotomita hugawa nuru kwa urefu wa mawimbi na kwa hiyo haidanganywi na aina ya taa, ingawa hupungukiwa inapofika kwenye giza. Kifaa chochote kitakachotumika, kiwe kimoja kwa skrini zote mbili, maana vifaa viwili huleta makosa mawili. Kwa kuwa skrini mbili hupimwa kwa muda wa saa chache tu, studio kadhaa za mtaa mmoja zinaweza kuchangia kifaa kimoja bila kukwamishana, na programu si kikwazo: ArgyllCMS ya Graeme Gill, pamoja na DisplayCAL ya Florian Höch inayoirahisisha, hupatikana bure.

Kazi huanzia kwenye vitufe vya skrini. Mwangaza uteremshwe au upandishwe hadi kifaa kisome thamani iliyolengwa, kisha nguvu za nyekundu, kijani na buluu zirekebishwe mpaka weupe ukaribie D65 kadiri iwezekanavyo, huku mwangaza ukiangaliwa tena kwa kuwa hushuka kila rangi inapopunguzwa. Utaratibu huu una sababu ya kihesabu. Ikiwa weupe utaachiwa jedwali la kadi peke yake, na buluu ikahitaji kushushwa hadi asilimia 85, chaneli hiyo itabaki na ngazi 217 hivi badala ya 256, na upungufu huo huonekana kama matabaka katika anga au katika ukuta uliopakwa rangi moja. Jedwali liachiwe masahihisho madogo ambayo vitufe haviwezi kuyafikia. Vioo vya kompyuta mpakato kwa kawaida havina vitufe vya rangi, hivyo kwa vyenyewe hakuna njia isipokuwa kulitegemea jedwali na kuvumilia kiasi fulani cha matabaka, au kuukubali weupe wa asili wa kioo hicho na kuishusha skrini ya nje, yenye vitufe, iufuate. Kwa anayefanya kazi na kompyuta mpakato na skrini moja ya nje, njia hii ya pili ndiyo inayostahili kupendekezwa.

Baada ya vitufe, programu huonyesha mfululizo wa viraka vya rangi, huvipima, hutengeneza jedwali, kisha hupima tena viraka vingine ili kuandika profaili. Makosa mengi ya wenye skrini mbili hutokea hapa: dirisha la viraka hubaki kwenye skrini ya kwanza huku kifaa kikining'inia juu ya skrini ya pili, au profaili iliyotoka kwenye skrini moja ikapewa nyingine. Jina la faili liwe na aina ya skrini, tundu inalotumia na tarehe, na baada ya kuhifadhiwa likaguliwe katika mipangilio ya rangi ya mfumo, ambako katika Windows kila skrini huchaguliwa kwa zamu na kuwekewa alama kwamba inatumia mipangilio yake yenyewe. Kipakiaji cha jedwali kiwe kimoja tu. Ikiwa Windows imeruhusiwa kupakia, programu ya mtengenezaji wa kifaa izuiwe, au kinyume chake, kwa sababu vipakiaji viwili hufutiana kazi na kumwacha mtumiaji akiamini kwamba kadi yake ni mbovu.

Ripoti ya mwisho huonyesha makosa kwa kipimo kiitwacho delta E, ambacho kikiwa karibu na 1 humaanisha tofauti ambayo jicho huanza kuitambua kwa shida. Ikumbukwe kwamba ripoti hiyo hulinganisha skrini na lengo, si skrini na skrini. Moja ikikosea kwa 1.5 kuelekea waridi na nyingine kwa 1.5 kuelekea kijani, kila moja itafaulu mtihani wake, na bado kati yao kutakuwa na tofauti ya karibu 3 ambayo mtu yeyote aliyeketi mbele yake ataiona. Kijivu cha katikati kipimwe kwenye skrini zote mbili kwa kufuatana, na namba zake zilinganishwe moja kwa moja.

Namba zinapokubaliana na macho yanapokataa

Hutokea kwamba kifaa kinasoma weupe ule ule pande zote mbili, na macho yanaona wazi kwamba moja ni ya kijani au ya waridi kuliko nyingine. Wengi hukata tamaa hapa na kulaumu kifaa, ilhali chanzo kiko ndani zaidi. Vipimo vingi vya rangi za skrini vinavyotumika leo hutegemea mtazamaji wa kubuni aliyekubaliwa na CIE mwaka 1931, na mtazamaji huyo alitokana na majaribio ya Uingereza ya William David Wright, aliyetumia watu 10, na ya John Guild, aliyetumia watu 7. Wastani wa macho ya watu 17 umebeba kazi kubwa kwa miaka mingi, lakini unakadiria chini uoni wa mawimbi mafupi ya buluu, kasoro ambayo Deane Judd alipendekeza isahihishwe mwaka 1951. Kasoro hiyo haidhuru sana pale taa mbili zinapokuwa na mchanganyiko unaofanana wa mawimbi. Hudhuru pale skrini moja inapokuwa ya LED za kawaida na nyingine ya OLED au ya wigo mpana, ambazo nuru yake imebanwa katika vilele vyembamba. Tena macho ya watu hayafanani, na lenzi ya jicho hugeuka ya manjano kadiri umri unavyosonga, hivyo mhariri kijana na mwenye studio mzee wanaweza kubishana kuhusu weupe wa skrini hizo na wote wawili wakawa wanasema kweli.

Dawa yake ni kuruhusu jicho liamue weupe peke yake, na kifaa kiamue yaliyobaki. Skrini bora isawazishwe kwanza hadi D65. Kisha kila skrini ionyeshe dirisha jeupe la ukubwa sawa lililozungukwa na nyeusi, mtazamaji aketi mahali pake pa kila siku, ayape macho dakika chache, na abadilishe nguvu za rangi tatu za skrini ya pili mpaka nyeupe hizo mbili zionekane kuwa moja. Ni vizuri kuondoa macho mara kwa mara na kutazama ukuta wa kijivu, kwa kuwa jicho lililokazia muda mrefu huacha kuona tofauti. Nyeupe iliyopatikana ipimwe, thamani zake za x na y ziandikwe, na thamani hizo ndizo zitumike kama lengo la weupe wa skrini ya pili, gama na mwangaza vikibaki kama vilivyopangwa. Kwa vipimo skrini hiyo itaonekana imepotoka. Kwa macho ya anayeifanyia kazi itakuwa sahihi.

Picha za kujaribia

Viraka vya kijivu peke yake havitoshi kuthibitisha kazi, na uchaguzi wa picha ya kujaribia una historia inayopaswa kumgusa kila anayepiga picha za Waafrika. Kwa miongo mingi maabara za picha za Amerika Kaskazini zilisawazisha mashine zake kwa kadi za Kodak zilizojulikana kama kadi za Shirley, zenye picha ya mwanamke mweupe, na rangi ya ngozi yake ikawa ndiyo kipimo cha ngozi. Ni katikati ya miaka ya 1990 tu ambapo Kodak ilitoa kadi yenye wanawake wa asili tofauti. Anayesawazisha skrini kwa picha za mfano zilizokuja na programu anaweza kuurudia upungufu huo bila kujua. Ngozi nyeusi hukaa katika sehemu ya chini ya mwendo wa nuru, eneo ambalo skrini mbili hutofautiana zaidi, na skrini yenye gama inayoanguka mapema huweza kumeza mashavu na shingo ya bwana harusi ndani ya suti yake nyeusi huku uso wa mtu mweupe katika picha hiyo hiyo ukibaki salama.

Kwa hiyo picha ya majaribio iwe na ngozi za vivuli kadhaa vya weusi na kahawia, nguo nyeusi yenye mikunjo, nguo nyeupe, na kitambaa chenye rangi kali kama kanga nyekundu, na ifunguliwe kwenye skrini zote mbili katika programu inayosoma profaili. Bao la rangi la ColorChecker, lililotoka mwaka 1976 likiwa na viraka 24, husaidia pia, kwa kuwa kiraka chake cha kwanza kabisa ni ngozi nyeusi, chenye thamani za sRGB zinazokaribia 115, 82 na 68. Kiraka hicho kikifanana pande zote mbili, sehemu ngumu imepita.

Tabia ya programu nayo ijulikane kabla ya kulaumu usawazishaji. Photoshop hufuata profaili ya skrini ambayo dirisha limo, lakini zipo programu zinazosoma profaili ya skrini kuu peke yake na kuitumia hata dirisha linapohamishiwa ya pili, na zipo zisizosoma yoyote. Picha ya mandhari ya dawati la Windows, kwa mfano, si kitu cha kulinganishia rangi. Dirisha lisilazwe nusu huku na nusu kule wakati wa kuamua rangi. Programu isiyojulikana tabia yake ijaribiwe kwa picha moja kwenye skrini zote mbili, na ikishindwa itumike kwenye skrini kuu tu.

Kipimo kirudiwe kila mwezi kwa anayeuza kazi ya rangi, na kila baada ya miezi miwili au mitatu kwa wengine. Programu endeshi ya kadi inaposasishwa, au kompyuta inapoamka kutoka usingizini ikiwa na rangi zilizobadilika ghafla, kitu cha kwanza kukaguliwa ni kama jedwali limepakiwa, kabla ya kupima upya chochote. Ikiwa skrini ya pili ni ya TN ambayo uso wa mtu hubadilika rangi juu yake kwa mtazamaji kuegemea kiti tu, hakuna profaili itakayoituliza: iwekewe menyu, orodha za faili na ujumbe wa wateja, na rangi zote ziamuliwe kwenye skrini ya kwanza.